Sikio Moja Likifa

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya ulemavu mmoja usioonekana kwa macho, nao ni uziwi wa sikio moja. Kipofu twamjua kwa fimbo yake, na kiwete kwa mwendo wake. Asiyesikia kwa masikio yote mawili, jamaa zake humtambua upesi. Lakini mtu mwenye sikio moja zima na moja lililokufa hutembea kati yetu kama wengine. Leo huitikia salamu, kesho haitikii, hata watu wakamwita mwenye kiburi, au mvivu, au mpumbavu. Ulemavu huu wajificha, na kwa kujificha kwake hufanya madhara mawili: humchelewesha mgonjwa asipate dawa wakati ambapo dawa ingemfaa, tena humletea lawama asizostahili.

Wako wasemao ya kuwa Mungu amempa mtu masikio mawili, basi likifa moja, lingine latosha. Neno hili twalisikia hata kwa wazee wa kanisa. Lakini na waikumbuke habari ya Malko, mtumwa wa Kuhani Mkuu, usiku ule wa kukamatwa kwa Bwana. Luka na Yohana wote wawili wametuandikia ya kuwa sikio lililokatwa lilikuwa la kuume. La kushoto lilikuwa zima. Tena Bwana alikuwa amekwisha kuzungukwa na watu wenye silaha, na saa yake imefika. Walakini hakusema ya kuwa mtu yule anayo la pili. Alimgusa, akamponya. Basi ikiwa Bwana aliliona sikio moja la adui kuwa jambo la kushughulikiwa hata katika saa ile, nasi haitupasi kulidharau katika nyumba zetu.

KWA NINI TULIPEWA MAWILI

Watu wengi hudhani ya kuwa sikio la pili ni la akiba, kama mtungi wa pili uliowekwa pembeni, wa kwanza ukivunjika utumiwe huo. Sivyo. Masikio mawili ni kama watu wawili wachukuao gogo moja begani: kazi ni moja, nao huifanya pamoja.

Sauti husafiri hewani yapata mita 340 kwa kila sekunde. Mtu akiita kutoka upande wa kuume, sauti yake hufika katika sikio la kuume kwanza, ndipo hufika la kushoto. Tofauti yake haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini ubongo huipima. Tena kichwa chenyewe husimama katikati kama ukuta, kikatia kivuli. Sauti ifikayo upande wa pili huwa imepungua nguvu. Mwaka 1907 mtaalamu wa Uingereza, Lord Rayleigh, alieleza ya kuwa mwanadamu hutumia njia hizi mbili ili kujua sauti yatoka wapi: kwa sauti nene hutumia tofauti ya wakati, na kwa sauti nyembamba hutumia tofauti ya nguvu. Nazo njia zote mbili zataka masikio mawili.

Basi sikio moja likifa, mtu hupotewa na mambo matatu. La kwanza, hajui sauti yatoka wapi. Mgeni akipiga hodi, asikia hodi vizuri, lakini hajui kama ni mlango wa mbele au wa uani. Akiitwa sokoni kwa jina lake, huzunguka pande zote akitafuta uso wa mwitaji. Yuko kama kijana Samweli usiku ule hekaluni: sauti aisikia, lakini akimbilia asikoitwa.

La pili, hukosa maneno ya mtu aliye upande wa sikio lililokufa. Kivuli cha kichwa hakizuii sauti zote sawasawa. Sauti nene hukizunguka kichwa, zikafika. Sauti nyembamba hukatika. Na katika maneno yetu, a na o na u ni sauti nene, bali s na f na t na k zina wembamba mwingi. Kwa hiyo mtu asikia ya kuwa umesema neno, lakini hajui kama ni paka, au taka, au kaka. Ndiyo sababu hujibu pengine lisiloulizwa, watu wakacheka.

La tatu, hushindwa katika kelele. Mwenye masikio mawili akiwa katika arusi, watu wakisema na ngoma zikilia, ubongo wake waweza kuichambua sauti ya mmoja kati ya nyingi, kama mama apepetavyo mchele kwa ungo. Mwenye sikio moja hupokea mchele na makapi pamoja. Mchana kutwa ajikaza kusikia, na jioni amechoka kama mtu aliyelima, wala hakuna ajuaye alichochokea.

LAWAMA ISIYO YA HAKI

Sisi tunaoandika habari hii hatuijui kwa kusoma tu. Sikio letu la kushoto lilikufa tulipokuwa na umri wa miaka minane, kwa ugonjwa wa matubwitubwi, ambao wengine huuita machubwichubwi. Mashavu yalivimba, homa ikaja, na baada ya siku chache yote yakaisha, wazazi wakashukuru. Hakuna aliyejua ya kuwa ugonjwa ulipoondoka umechukua sikio moja. Hata sisi wenyewe hatukujua, maana mtoto hudhani ya kuwa watu wote wasikia kama yeye asikiavyo. Darasani tulikaa upande wa kuume, penye madirisha, na mwalimu alikuwa na desturi ya kutembea kati ya madawati akiuliza maswali. Akiuliza kutoka kushoto kwetu, tulinyamaza. Kwa kunyamaza huko tulichapwa mara nyingi, tukaitwa wakaidi. Miaka mitatu ikapita hivyo. Hata mwalimu mwingine, mtu mpole, akatuita siku moja, akavua saa yake ya mkono, akaiweka penye sikio la kuume, akauliza, "Wasikia?" Tukasema, "Nasikia." Akaiweka penye la kushoto. Tulidhani imesimama.

Walimu wapendwa, jambo hili si letu peke yetu. Zamani hata matabibu waliwaambia wazazi ya kuwa mtoto mwenye sikio moja hana shida, awekwe mbele darasani tu. Lakini katika miaka ya 1980 wataalamu wawili wa Marekani, Fred Bess na Anne Marie Tharpe, waliwachunguza wanafunzi 60 wa namna hii, wakaona ya kuwa yapata theluthi moja walikuwa wamerudia darasa angalau mara moja. Wala si kwa upungufu wa akili. Ni kwa sababu masomo yaliwapita upande usiosikia.

Basi mtoto akiwa aitikia siku nyingine na siku nyingine asiitikie; akiwa ageuza kichwa kila mara upande mmoja; akiwa aweka simu katika sikio lile lile na kukataa lingine; akiwa atazama huku na huku aitwapo, msishike fimbo kwanza. Mpimeni. Simameni nyuma yake asiione midomo yenu, mmoja aliziba sikio moja la mtoto kwa kidole na kulisuguasugua, nanyi mseme maneno machache kwa kunong'ona, ayarudie. Kisha mfanye vivyo kwa sikio la pili. Kipimo hiki si cha hospitali, lakini kimewaponya wengi na lawama. Akishindwa upande mmoja, apelekwe kwa wapimaji.

UZIWI WA NAMNA MBILI

Kabla ya kutafuta dawa, yafaa kujua mlango umefungwa wapi. Uziwi ni wa namna mbili, na dawa zake hazifanani.

Namna ya kwanza ni ya njia kuzibwa. Nta ya sikio imeganda. Au usaha watoka, na kiwambo cha sikio kimetoboka. Au vile vifupa vitatu vidogo vilivyo nyuma ya kiwambo vimekwama au kukatika. Hapa sikio la ndani ni zima, ila sauti haifiki. Uziwi huu mara nyingi hutibika. Nta hutolewa na muuguzi ajuaye kazi yake. Usaha hukaushwa kwa kusafishwa na dawa ya matone. Kiwambo kilichotoboka huweza kutiwa kiraka kwa upasuaji. Hata kifupa cha ndani kabisa, ambacho ndicho kidogo kuliko mifupa yote ya mwili, kikikwama huweza kubadilishwa. Upasuaji wa namna hiyo aliuanzisha Dakta John Shea wa Marekani mwaka 1956. Walakini usaha unukao vibaya, usiokoma miezi na miezi, si jambo la kuzoea. Waweza kuwa dalili ya ugonjwa ulao mfupa na kuelekea ubongo. Mwenye huo aende hospitali kubwa.

Namna ya pili ni ya sikio la ndani au mshipa wake. Ndani ya mfupa wa kichwa mna chombo kilichojipinda kama kombe la konokono, na ndani yake mna chembe zenye vinyweleo, yapata 15,000 katika kila sikio. Hizo ndizo zigeuzazo sauti kuwa habari za ubongo. Matubwitubwi, homa ya uti wa mgongo, pigo la kichwa, au kishindo kikubwa huweza kuziua. Na kwa mwanadamu zikifa hazioti tena. Kuku akipoteza chembe hizi humwotea nyingine. Jambo hili wataalamu walilitambua katika miaka ya 1980, na tangu hapo watafuta kujua kwa nini mwanadamu hakupewa. Lakini hata leo hakuna mafuta, wala mizizi, wala matone yawezayo kuzifufua. Basi ajaye nyumbani kwenu na chupa, akisema ya kuwa dawa yake hufungua masikio yote, mwambieni aende zake. Mafuta ya moto na maji ya majani huweza kuliunguza hata sikio lililobaki.

Matabibu huzitambua namna hizi mbili kwa uma wa chuma ulio na mlio, uwekwao juu ya paji la uso na nyuma ya sikio. Vipimo hivi ni vya zamani: kimoja cha Mjerumani Weber, cha mwaka 1834, na kingine cha Rinne, cha mwaka 1855; navyo vyatumika hata sasa. Ninyi nanyi mnao uma wa namna hiyo, ndio kinywa chenu. Sikio likiziba, fumba midomo uvumishe "mmm" kwa sauti nene, ukasikilize mvumo waelekea wapi. Ukisikika zaidi upande ulioziba, huenda ni njia kuzibwa. Ukisikika zaidi upande ulio mzima, shaka ni juu ya sikio la ndani. Mtu asijitibu kwa kipimo hiki, wala asikitumie kujikalisha nyumbani. Kazi yake ni moja tu, kumharakisha aliyetaka kungoja.

LIKIFA GHAFULA, USINGOJE

Hapa twaomba msome polepole, maana neno hili laweza kuokoa sikio la mtu wa nyumba yenu.

Pengine mtu mzima hulala akiwa mzima, akaamka asubuhi na sikio moja limekufa. Au alikuwa akisema na simu, ghafula sauti ikakatika. Pengine husikia mvumo mkubwa kama wa upepo, au dunia humzunguka. Hana maumivu. Basi husema, "Ni mafua," au "Ni nta," akatia matone, akangoja juma moja, majuma mawili, mwezi. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Uziwi wa sikio la ndani ujao ndani ya siku tatu ni jambo la haraka, kama mguu uliovunjika. Mara nyingi sababu yake haijulikani, wala si uchawi wa jirani. Matabibu huujaribu kwa dawa za jamii ya steroidi, kama prednisoloni, kwa vidonge au kwa sindano itiwayo nyuma ya kiwambo. Dawa hizi haziwafai wote, na wengine hupata nafuu hata bila dawa. Lakini wakati wake wa kufaa ni siku za kwanza, na majuma mawili yakipita tumaini hupungua sana. Mwenye kisukari amwambie tabibu kwanza, maana dawa hizi hupandisha sukari.

Basi mkifika hospitali, msiseme tu, "Sikio limeziba." Semeni wazi: "Jana nilisikia, leo sisikii upande huu." Ombeni sikio litazamwe ndani, na usikivu upimwe kwa mashine. Ikiwa zahanati haina, ombeni barua ya kwenda penye tabibu wa masikio siku ile ile.

Kadhalika, mtoto aliyepona homa ya uti wa mgongo apimwe masikio mapema, kabla ya kwenda nyumbani ikiwezekana. Ugonjwa ule huweza kukijaza mfupa kile chombo cha ndani, na kikijaa, njia ya msaada tutakaoutaja chini hufungwa.

Na yule ambaye sikio lake moja lapungua kidogo kidogo, huku likivuma na kumyumbisha, naye asikae kimya. Pengine ni uvimbe mdogo juu ya mshipa wa kusikia. Kwa kawaida si saratani, nao hukua polepole, lakini yafaa ujulikane mapema kwa picha ya MRI.

LIKIISHA KUFA, KUNA MSAADA GANI?

Ikiwa sikio la ndani limekufa kabisa, iko misaada ya namna tatu. Twaieleza pamoja na mipaka yake, maana asiyejua mipaka hununua kwa furaha na kutupa kwa hasira.

Ya kwanza ni kifaa kihamishacho sauti. Maikrofoni huvaliwa katika sikio lililokufa, nayo huituma sauti, kwa njia kama ya redio, hadi kifaa kingine katika sikio zima. Wazo hili lilitolewa Marekani mwaka 1965. Siku zile waya ulipitishwa katika miwani, leo hakuna waya. Hakuna kupasuliwa. Lakini sikio lisikialo ni moja tu kama kwanza, kwa hiyo hakirudishi kujua sauti yatoka wapi.

Ya pili ni kifaa kitikisacho mfupa. Mtaalamu wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, aliona mwaka 1952 ya kuwa mfupa hushikamana na madini ya titani hata visitengane. Kwa ujuzi huo, mwaka 1977, katika mji wa Göteborg, wagonjwa wa kwanza walitiwa msumari mdogo wa titani nyuma ya sikio, na kifaa kikapachikwa juu yake. Sauti hupita katika mfupa wa kichwa hadi sikio zima la upande wa pili. Huwafaa sana wale ambao njia ya sikio imezibika au hawakuumbiwa tundu la sikio. Watoto wadogo huvaa kifaa chake kwa utepe wa kichwani, pasipo kupasuliwa.

Ya tatu ndiyo pekee ilirudishiayo sikio lililokufa kusikia kwa namna yake. Ni waya mwembamba utiwao kwa upasuaji ndani ya chombo kile cha konokono, uuamshe mshipa kwa umeme. Majaribio ya kwanza yalifanyika Paris mwaka 1957, na chombo chenye njia nyingi kilitiwa Melbourne na Dakta Graeme Clark mwaka 1978. Zamani kilitolewa kwa viziwi wa masikio yote mawili tu. Matabibu wa Antwerp, Ubelgiji, waliandika mwaka 2008 habari za watu wenye uziwi wa upande mmoja ambao mvumo wa sikio uliwatesa, wakapata nafuu kwa chombo hiki. Mwaka 2019 serikali ya Marekani ikakiruhusu kwa uziwi wa upande mmoja, kwa watu wazima na watoto tangu miaka mitano. Hapa Tanzania upasuaji huu ulianza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2017. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa ng'ambo. Gharama yake ni kubwa, na baada ya upasuaji mtu hana budi kujifunza kusikia upya, mwezi kwa mwezi. Tena mshipa wa kusikia lazima uwepo.

Sisi nasi tulikwenda kuuliza. Tulipimwa, tukaelezwa kwa upole ya kuwa sikio lililonyamaza zaidi ya miaka thelathini si la kutiwa waya kwa tumaini kubwa, maana njia isiyopitwa huota majani. Ndiyo sababu mtoto aliyezaliwa na sikio moja asingojeshwe hata awe mtu mzima. Tukapewa kifaa cha namna ya kwanza tukijaribu kwa majuma machache. Nyumbani, mezani, kwa mara ya kwanza tulimsikia mke wetu akisema kutoka kushoto pasipo kugeuza kichwa. Akacheka, maana amezoea kuhama kiti. Katika baraza la wazee wachache kilitufaa. Lakini Jumapili, kwaya ikiimba na kinanda kikilia, kilituletea kelele za kushoto juu ya kelele za kuume, tukakivua. Basi twakitumia mahali pake, kama mwavuli: si kila siku ya mvua. Wala hatukuona haya kurudi katika msaada ulio mkubwa kuliko vyote, ambao hauuzwi, nao ni watu kujua.

JINSI YA KUKAA PAMOJA

Mwenye ulemavu huu na aseme. Neno fupi latosha: "Mimi sisikii upande wa kushoto, tafadhali pita huku." Usemapo hivi siku ya kwanza, umejiokoa na lawama za mwaka mzima. Watu hawachukizwi na uziwi. Huchukizwa na kudharauliwa, nao hudhani wamedharauliwa.

Nyumbani, mpeni kiti cha pembeni, wote wawe upande wa sikio zima. Kanisani, asiyesikia kwa kushoto akae mwisho wa benchi upande wa kushoto, ili kusanyiko lote liwe kuumeni kwake. Shuleni, fanyeni vivyo hivyo, mbele kiasi, mbali na dirisha la barabarani; na mtoto asilaumiwe akigeuka kumtazama mwenziwe anayejibu. Katika darasa letu la wakatekumeni twawaagiza wote wanyoshe mkono kabla ya kusema, maana sauti twaisikia, lakini mwenyewe hatujui amekaa wapi. Desturi hii imeleta na adabu njema darasani.

Garini, kwa kuwa dereva wetu hukaa kuume, asiyesikia kwa kuume akae nyuma ya dereva kuliko kando yake. Barabarani asiamini sikio katika kuvuka. Pikipiki isikikayo kuume yaweza kuwa yatoka kushoto. Atazame pande zote mbili, kisha atazame tena. Usiku, mama aliye na mtoto mchanga asilalie sikio zima, la sivyo hatasikia kilio. Lakini siku mtoto akiwa kwa bibi yake na majirani wana sherehe, na alilalie, amshukuru Mungu.

Ninyi msemao naye, msinong'one nyuma yake. Mwiteni kwa jina, mngoje ageuke. Kama mahali pana kelele, mtoeni kando. Marko atuambia ya kuwa Bwana, alipoletewa kiziwi, kwanza alimtenga na mkutano faraghani. Nasi twaona katika tendo lile upole ambao kila nyumba yaweza kuufuata leo, hata isiyo na fedha ya kifaa.

LINDENI LILILOBAKI

Mwenye taa moja huichunga na upepo. Sikio zima lisichokonolewe kwa njiti, wala unyoya, wala ufunguo. Lisiwekwe karibu na vipaza sauti vya arusi na mikutano. Likiuma au kutoa usaha, lisingoje siku ya soko. Likibadilika kusikia hata kidogo, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Na watoto wapelekwe kwenye chanjo. Chanjo ya matubwitubwi iko tangu mwaka 1967. Dakta Maurice Hilleman wa Marekani aliitengeneza kutokana na vijidudu alivyovitoa kooni mwa binti yake mwenyewe, alipougua mwaka 1963. Chanjo ya surua na rubela yatolewa Tanzania tangu mwaka 2014, nayo rubela ikimpata mama mjamzito huweza kumwua mtoto masikio tumboni. Kwa ile ya matubwitubwi, waulizeni wauguzi wa kliniki yenu kama yapatikana. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 ya kuwa watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia, na ya kuwa katika watoto zaidi ya nusu ya uziwi ungaliweza kuzuiwa.

Basi, ndugu, juma hili kabla ya kulala, kila baba na mama wawapime watoto wao sikio moja moja, na kila mwalimu awakumbuke wale wawili au watatu awaitao wakaidi. Akionekana mmoja asiyesikia upande mmoja, msimlilie kama aliyekufa, wala msimwambie ya kuwa moja latosha. Mpelekeni apimwe, kisha mwekeni mahali atakaposikia.

Neema ya Bwana wetu iwe nanyi nyote.